Mashine ya boti ikizima ziwani: somo kwa mama wa visiwani

SEHEMU YA 1: Nesi na mashine wapi na wapi?

Wiki iliyopita tuliongea habari za manjano kwa mtoto mchanga na nashukuru mlivyouliza maswali. Wiki hii nimekuja na mada ambayo najua wengine mtasema "nesi leo kapotea njia." Nataka tuongee habari za mashine ya boti: inazima kwa sababu gani, na mtu anajuaje ugonjwa wake uko wapi.

Sijapotea njia. Mimi ni mtoto wa Bumbire. Sasa hivi nafanya kazi hospitali bara, lakini nimezaliwa kisiwani na nimewahi kufanya kazi zahanati ya kisiwani. Ukiwa Bumbire, Kerebe, Ikuza, Mazinga au Goziba, ukipewa rufaa ya kwenda bara gari la wagonjwa halikufikii mlangoni. Kinachokuja ni boti, tena mara nyingi ni mtumbwi wa mbao wenye mashine moja nyuma. Hiyo mashine ikigoma katikati ya maji, mpaka iwake tena hakuna daktari wa kukufikia.

Chuoni tulifundishwa kitu kinaitwa ucheleweshaji wa aina tatu. Watafiti wawili, Thaddeus na Maine, walikiandika mwaka 1994 wakieleza kwa nini kina mama wanakufa kwa uzazi. Wa kwanza ni kuchelewa kuamua: "tusubiri kwanza mumewe arudi kutoka ziwani." Wa pili ni kuchelewa kufika. Wa tatu ni kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Kwa watu wa Muleba mjini, kuchelewa kufika ni barabara. Kwetu ni upepo, bei ya petroli na mashine.

Na kuna magonjwa hayasubiri. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua, asipopata msaada, anaweza kupoteza maisha ndani ya saa kama mbili. Sasa chukua hizo saa mbili, toa muda wa kumtafuta nahodha, toa muda wa kutafuta mafuta usiku, toa muda wa kuvuka. Kinachobaki ni kidogo sana, na dakika 20 za kuvuta kamba ya mashine isiyowaka zinakitafuna chote.

Sisi watu wa Kagera hatuna haja ya kuelezwa ziwa ni nini. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 na mpaka leo kuna familia hazipendi kuisikia hiyo tarehe. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilipoanguka ziwani pale Bukoba, wavuvi na boti zao walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kufika. Boti ndizo miguu yetu. Basi mama ajue mguu wake unaumwa wapi.

Sisemi ukawe fundi. Nataka ujue vya kutosha kuuliza swali sahihi kabla hujapanda, na kutulia na kufikiri mashine ikizima.

SEHEMU YA 2: Mashine inahitaji nini ili iishi

Mwili wa mtu unahitaji hewa, damu na sukari. Mashine ya boti, hizi za kuvuta kamba zilizojaa kwenye mialo yetu, inahitaji vitu vitano:

1. Petroli, tena safi.
2. Hewa ya kuchanganyika na hiyo petroli.
3. Cheche, inayotoka kwenye plagi.
4. Mgandamizo, yaani pistoni ikipanda iubane ule mchanganyiko vizuri.
5. Maji ya kuipoza isiungue.

Kikikosekana kimoja tu, inazima. Ndiyo maana fundi mzuri haanzi kufungua nati. Anaanza kwa kujiuliza: kipi kati ya hivi vitano hakipo?

Nyingi ya mashine hizi ni za mipigo miwili. Zile za mipigo minne, kama ya gari, zina oili yake inayokaa kwenye karata. Hizi zetu hazina. Oili unaichanganya na petroli kwenye tangi, inaingia pamoja nayo, inalainisha pistoni na beringi, halafu inaungua na kutoka kama moshi. Kwa hiyo ukisahau oili, umeiua mashine. Inaweza kwenda vizuri kwa muda, halafu chuma kinasagana na chuma, inakwama.

Mtoto wa dada yangu anapenda sana video za vijigari vya rimoti. Sio vya betri, vile vyenye mashine ya kweli ndani yake, ndogo kama yai. Siku moja nikakaa naye kuangalia nikashangaa: kumbe ni mashine ya mipigo miwili ileile! Mafuta yake ni methanoli na nitromethani iliyochanganywa na oili. Plagi yake haipigi cheche. Ina uzi mwembamba unaopashwa moto na betri ndogo wakati wa kuwasha, ikishawaka ule uzi unabaki mwekundu wenyewe. Wenye vijigari hivyo wakiona kimezima wanauliza maswali yaleyale ya mwaloni. Mafuta yanafika? Plagi inawaka? Kuna mahali hewa inavujia? Imechemka? Kikizima pale tu betri inapoondolewa, plagi ndiyo mshukiwa wa kwanza, au mafuta yanaingia mengi mno. Kikienda kwa kasi kali bila moshi kisha kikafa kikiwa cha moto, mafuta yanaingia machache mno, na oili nayo inakuwa chache. Kidude cha kuchezea na mashine ya kuvusha mama mjamzito, akili ya kutafuta ugonjwa ni moja.

(Kama una ndugu nje aliyemletea mtoto kijigari cha namna hiyo, naongea kama nesi: yale mafuta ni sumu. Methanoli ikinywewa inaweza kupofusha na kuua. Weka juu, funga.)

SEHEMU YA 3: Usiku wa mapacha

Sitataja kisiwa wala jina la mtu. Ilikuwa miaka kadhaa iliyopita, nikiwa zahanati.

Mama alijifungua mapacha salama, wote wanalia vizuri. Kondo la nyuma likatoka lote. Lakini mji wa mimba ukagoma kujikaza. Kwa mapacha hilo hutokea, kwa sababu mji ulitanuka sana. Nikampa sindano ya oksitosini, nikaweka dripu, nikawa nausugua mji kwa mkono kupitia tumboni. Damu ikapungua lakini haikukata. Rufaa.

Tukaondoka saa tisa usiku. Ndani ya boti yuko mama, mimi, mumewe, mama mkwe aliyewabeba mapacha kifuani ngozi kwa ngozi, kijana wa kuendesha, na mzee mmoja mvuvi aliyeomba lifti kwenda bara. Ziwa limetulia, mwezi upo. Mashine iliwaka kwa mvuto wa pili tu.

Tulikwenda kama nusu saa. Halafu mlio ukaanza kubadilika. Ukawa unapanda na kushuka, kama mtu anayepumua kwa shida. Kijana akaongeza mafuta, ikakohoa, ikazima.

Kimya cha ziwani usiku, mkono wangu uko juu ya tumbo la mama, sitamani mtu yeyote akijue.

Kijana akavuta kamba. Akavuta tena. Akavuta choki, akavuta kamba. Mara kumi, kumi na tano, jasho linamtoka. Harufu ya petroli ikaanza kutusumbua. Mama mkwe akawa anasema "waitu, waitu" kwa sauti ya chini, basi.

Yule mzee akasema, "Kijana, acha kwanza. Usivute. Niambie, ilizimaje?"

Kijana akajibu, "Imezima tu, mzee."

"Hapana. Ilizima ghafla kama umezima tochi, au ilinyong'onyea?"

"Ilinyong'onyea."

"Kabla hatujaondoka mliigusa wapi?"

"Tulijaza tangi tu, mzee. Tukafunga."

Mzee hakwenda kwenye mashine kabisa. Alipapasa ule mpira wa mafuta unaotoka kwenye tangi, akakishika kile kibofu cha kupampia. Kilikuwa kimenywea, kimekuwa bapa kama andazi lililokaliwa. Akacheka kidogo. Akapeleka mkono juu ya mfuniko wa tangi, akazungusha kiskrubu kidogo cha hewa. Tukasikia tangi likivuta pumzi, fyuuu, na kibofu kikajaa taratibu mkononi mwake.

Hicho tu. Mtu alijaza mafuta, akafunga mfuniko, na tundu la hewa likabaki limefungwa. Mashine ilinyonya petroli, hewa haikuingia kuchukua nafasi yake, mpaka tangi likakataa kutoa. Ni kama mtoto anayenyonya chupa ambayo chuchu yake haipitishi hewa: chupa inabonyea, maziwa hayaji, mtoto analia.

Lakini kulikuwa na tatizo la pili, la kutengenezwa. Ile kuvuta na choki ilikuwa imemwaga petroli ndani, plagi imelowa. Mzee akaomba spana ya plagi, ikapatikana. Akaifungua, akaifuta kwa ncha ya kanga ya mama mkwe, akaipuliza, akairudisha. Akarudisha choki ndani, akafungua mafuta kabisa, akamwambia kijana vuta. Mvuto wa tatu ikawaka na moshi mwingi.

Tulipoteza kama dakika 20. Mama aliongezewa damu hospitali na alirudi nyumbani na watoto wake wawili.

Nilichokibeba mimi ni yale maswali ya mzee. Ilianzaje? Ghafla au taratibu? Kabla ya hapo kiliguswa nini? Hayo ndiyo maswali ninayomuuliza mgonjwa kila siku. Na kuna kanuni nyingine ndani yake: usimpe mgonjwa dawa kabla hujajua anaumwa nini. Kuvuta kamba mara 15 ni kutoa dawa bila kupima.

SEHEMU YA 4: Ilizimaje? Jinsi ya kusoma dalili

Baada ya usiku ule nilikaa sana na mafundi wa mwaloni, akiwemo kaka yangu. Haya ndiyo niliyoyapanga kichwani kama tunavyopanga dalili za hatari kwa mjamzito.

ILINYONG'ONYEA, IKAKOHOA, IKAZIMA. Fikiria mafuta. Angalia kwa mpangilio huu, kuanzia tangi kwenda kwenye mashine: Tangi lina mafuta? Kiskrubu cha hewa kiko wazi? Mpira wa mafuta haujapinda, haujakaliwa na gunia la dagaa? Umechomekwa ukaingia vizuri? Kisha bonyeza kibofu. Kikibaki bapa, kuna kizuizi nyuma yake, upande wa tangi. Kikibonyea kila mara bila kuwa kigumu, ama tangi ni tupu ama hewa inavujia mahali. Kikiwa kigumu, mafuta yamefika kwenye mashine, basi tafuta mbele: filta, kabureta, au maji kwenye petroli.

IMEZIMA GHAFLA KAMA TOCHI. Fikiria umeme. Na kitu cha kwanza kabisa ni ile kamba ya usalama, mara nyingi nyekundu, anayovaa mwendeshaji mkononi. Ikichomoka tu mashine inazima, ndiyo kazi yake, ili mtu akianguka majini boti isimkimbie. Watu wamehangaika nusu saa kumbe kamba imechomoka. Baada ya hapo angalia waya za plagi kama zimekaa, halafu plagi yenyewe.

IMEPUNGUA NGUVU, INA JOTO KALI, MAJI HAYATOKI. Nyuma ya mashine kuna tundu dogo linalorusha maji wakati inaunguruma. Kwetu tunasema mashine "inakojoa." Wauguzi tunapenda sana kuuliza "umekojoa?" kwa sababu mkojo unatuambia mwili unafanya kazi. Hapa ni hivyohivyo. Isipokojoa, haipozwi. Zima. Inua mashine, angalia pale inapoingizia maji: magugu maji, mfuko wa plastiki, nyuzi za nyavu. Toa, acha ipoe yenyewe. Usiimwagie maji ya ziwa ikiwa ya moto, chuma kinaweza kupasuka. Kama pameshasafishwa na bado haikojoi, yawezekana impela ya pampu imekufa. Hiyo ni ya fundi nchi kavu.

MASHINE INALIA VIZURI LAKINI BOTI HAIENDI. Tatizo liko kwenye propela. Wavu umejisokota, au pini imekatika, au mpira wa ndani umeteleza. Zima kabisa, chomoa kamba ya usalama, ndipo mtu aguse. Nimeshona vidole vya kutosha.

KAMBA IMEKUWA LAINI, HAINA UKINZANI. Mgandamizo hamna. Ringi au pistoni.

KAMBA HAIVUTIKI KABISA. Mashine imekwama, mara nyingi kwa kukosa oili au kuungua.

Kwa hizi mbili za mwisho msipoteze muda kuvuta. Mgonjwa huyu hatibiki majini. Pigeni simu, shikeni makasia.

Na plagi nayo ina lugha, kama tunavyoangalia ulimi na macho ya mgonjwa. Ikitoka na rangi ya kahawia, afya nzuri. Nyeusi na imelowa, oili au petroli imezidi. Nyeupe kama majivu, mashine inaungua, petroli ni chache au oili ni chache. Kavu kabisa wakati mmevuta mara nyingi, mafuta hayafiki. Ina matone ya maji, petroli yenu ina maji.

SEHEMU YA 5: Petroli na oili, hapa mama anahusika

Kuna mmoja wenu aliniandikia inbox: "Nesi, hayo ni mambo ya wanaume." Nikamuuliza nani anauza petroli ya chupa pale mwaloni kwao. Akacheka. Ni yeye.

Basi tusikilizane. Kwa mashine nyingi hizi za mipigo miwili, kipimo cha kawaida ni petroli 50 kwa oili 1. Kwa lugha ya dumu:

Petroli lita 5, oili mililita 100.
Petroli lita 10, oili mililita 200.
Petroli lita 20, oili mililita 400.

Mashine mpya inayozoeshwa huwa inataka oili mara mbili, 25 kwa 1, yaani dumu la lita 20 linachukua mililita 800. Lakini kitabu cha mashine yenu ndicho cha mwisho. Kikisema tofauti na mimi, fuata kitabu.

Sasa angalia: mililita 400 si "kakifuniko" wala "kwa macho." Sisi hospitali hatutoi dawa kwa macho. Tafuta chupa moja yenye alama za mililita, iwe ya oili tu, ikae na dumu. Tanguliza petroli kidogo, mimina oili, ongeza petroli iliyobaki, funga na utikise. Tumia oili ya mashine za boti za mipigo miwili, siyo oili ya gari iliyokwishatumika. Oili ikipungua mashine inakufa. Ikizidi, plagi inalowa na kujaa masizi, mashine inakohoa.

Maji kwenye petroli: chota kidogo kwenye chupa nyeupe inayoonyesha, iache itulie dakika kadhaa. Maji ni mazito kuliko petroli, yatakaa chini na utaona mstari. Ukiuona, hayo mafuta yasiende kwenye boti ya wagonjwa wala ya mtu yeyote. Na unayechanganya petroli na mafuta ya taa ili ipatikane faida, ujue kuna siku wifi yako atakuwa ndani ya hiyo boti.

Sasa la watoto, na hili naomba mlisome mara mbili. Petroli kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, mtoto wa miaka miwili anaona soda. Akinywa:

Usimtapishe. Petroli ikirudi juu inaingia kwenye mapafu, na hapo ndipo penye hatari kubwa.
Usimpe maziwa wala mafuta ya kula.
Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni.
Mpeleke kituo cha afya haraka hata kama anacheza. Kikohozi na kupumua kwa shida vinaweza kuja baadaye.

Na wakubwa acheni kunyonya petroli kwa mdomo mnapohamisha kwenye dumu. Ni mapafu yaleyale.

SEHEMU YA 6: Kabla hujapanda, na ikizima ukiwa ndani

Kwenye kliniki ya wajawazito tunawaambia muandae kanga, nguo za mtoto, fedha na mtu wa kuchangia damu. Mama wa kisiwani aongeze na haya: jina na simu ya nahodha, na simu ya nahodha wa pili, fedha ya petroli imetengwa, haiguswi, na mmekubaliana mafuta yatatoka wapi ikiwa ni saa tisa usiku.

Bora zaidi, kama una mapacha, umewahi kufanyiwa upasuaji, uliwahi kutoka damu nyingi, au una presha, usisubiri uchungu ukukute kisiwani. Ongea na mkunga wako mapema uvuke wiki kadhaa kabla, ukae kwa ndugu au kwenye nyumba ya kusubiria kujifungua, ile wengine wanaita chigonela. Safari ya mchana, ziwa likiwa shwari, wewe ukiwa mzima, si sawa na safari ya usiku wa damu.

Dharura ya mama mjamzito, mzazi au mtoto mchanga, piga 115. Ni namba ya bure ya mfumo wa m-mama. Iandike ukutani, isibaki kwenye simu ya baba peke yake.

Kabla ya boti kuondoka, mtu mmoja, hata kama ni bibi, aulize maswali haya:

Oili imewekwa? Kwa kipimo gani?
Kiskrubu cha hewa kwenye tangi kiko wazi?
Mashine inakojoa? (Subiri uone kwa macho.)
Kuna plagi ya akiba na spana yake?
Kuna makasia, nanga, tochi na chombo cha kukumbia maji?
Majaketi okozi yanatosha, na ya watoto yapo? Jaketi la mtu mzima halimfai mtoto. Akiingia majini linampanda kichwani na yeye anachomoka chini.

Haichukui dakika tatu. Nahodha mzuri hatakasirika. Akikasirika, umeshapata jibu.

Ikizima mkiwa ndani:

Kila mtu akae, asisimame mtu. Watu wakikimbilia nyuma kuangalia mashine, boti inakaa vibaya na maji yanaingia kwa nyuma.
Majaketi yavaliwe sasa hivi, siyo baadaye.
Mmoja au wawili washike makasia, pua ya boti ielekee kwenye mawimbi. Kama kina kinaruhusu, shusha nanga ili msisukumwe mbali.
Sigara na kiberiti marufuku, hasa mkisikia harufu ya petroli.
Mtu mmoja apige simu kabla chaji haijaisha, aseme mmetoka wapi, mnaelekea wapi, mmekwenda muda gani.
Mtu mmoja tu ashughulikie mashine, na aanze kwa swali: ilizimaje?

Kwa mgonjwa, kazi haisimami kwa sababu mashine imesimama. Mama aliyejifungua na anavuja damu, mji usuguliwe mpaka uwe mgumu kama mpira chini ya mkono, miguu iinuliwe, afunikwe asipate baridi. Mtoto mchanga akae kifuani kwa mtu, ngozi kwa ngozi, kichwa kimefunikwa, pua na mdomo viwe wazi. Baridi ya ziwani usiku inaua kichanga kimyakimya.

Naishia hapo kwa mashine. Nina kazi moja tu ya kuwapa leo. Jioni hii, ukimwona mume, kaka au jirani mwenye boti, mwambie akuonyeshe kiskrubu cha hewa kwenye tangi lake na kile kibofu cha mafuta. Kishike kwa mkono wako ujue kikiwa kigumu kinakuwaje na kikiwa bapa kinakuwaje. Mfundishe na binti yako mkubwa.

Mwenye ndugu Goziba, Kerebe, Ikuza au kisiwa kingine chochote mtumie hii. Wiki ijayo tutarudi kwenye mambo yetu: mtoto anayekataa kunyonya. Andikeni maswali yenu, nitayasoma nikitoka zamu ya usiku.